Sindano moja na vibahasha vinne visivyo na majina: kutibiwa ukiwa ugenini

SWALI: Shikamoo daktari. Mwaka jana nikiwa safarini nje ya nchi nilishikwa na tumbo la kuendesha pamoja na homa. Mhudumu wa hoteli akanipeleka kliniki ya jirani. Lugha hatukuelewana. Nilichomwa sindano, nikapewa vibahasha vinne vya vidonge visivyo na jina, nikalipa, nikaondoka. Siku ya tatu nilikuwa mzima. Niliporudi nyumbani daktari wangu akaniuliza nilipewa dawa gani, nikabaki namtazama. Mwezi ujao nasafiri tena, safari hii na mama yangu wa miaka 67. Ana presha na kisukari, anachoma insulini na anameza vidonge. Je, ile sindano ilikuwa sahihi? Na mama akiugua huko, nifanyeje ili yale yasijirudie?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na ile sindano, maana naona ndiyo inayokusumbua. Hakuna daktari atakayeweza kukwambia kama ilikuwa sahihi, kwa sababu kichupa chake kiliishia kwenye ndoo ya taka ya kliniki siku ileile. Huenda ilikuwa ya kuzuia kutapika, au ya kushusha homa, au antibiotiki. Na kupona kwako siku ya tatu hakuthibitishi lolote. Kuharisha kwa wasafiri mara nyingi hukoma kwenyewe baada ya siku tatu hadi tano, umechomwa sindano au hukuchomwa.

Swali la daktari wako ndilo zito zaidi. Nimekaa miaka mingi nikiwapokea wasafiri wanaorudi na ugonjwa ambao ulianza kutibiwa mahali pengine, na nikwambie ukweli, mara chache nimekuta daktari wa kule amekosea sana. Ninachokuta kila siku ni pengo. Yule wa kule hakumjua mgonjwa, mimi sikuwepo siku alipotibiwa, na aliyekuwepo pote pawili, yaani mgonjwa mwenyewe, hana hata karatasi moja mkononi. Kwa hiyo mengi ya nitakayokueleza yanahusu karatasi. Ukisafiri na mama, faili lake ni wewe.

Kabla hamjaondoka, kaa naye na maboksi yote ya dawa zake mezani. Andika kwenye ukurasa mmoja, kwa herufi kubwa zinazosomeka: jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa (mwezi uandike kwa neno, maana 03/04 kwa wengine ni tarehe 3 Aprili na kwa wengine ni Machi 4), magonjwa aliyonayo na tangu lini, operesheni alizofanyiwa, aleji, namba ya daktari wake na namba yako. Kisha dawa moja baada ya nyingine, na hapa usiandike jina kubwa la mbele ya boksi. Hilo ni jina la biashara, na linaweza kuwa halijulikani kabisa unakokwenda, au likawa ni jina la dawa nyingine kabisa. Tafuta lile la chini yake, la herufi ndogo. Hilo ndilo jina la dawa yenyewe, na Shirika la Afya Duniani limekuwa likichapisha orodha ya majina hayo ya pamoja tangu 1953 ili mfamasia wa popote ajue anasoma nini. Nakili herufi kwa herufi, pamoja na miligramu na mara ngapi kwa siku. Yapo machache yanayoleta mkanganyiko hata hivyo: parasetamoli huitwa asetaminofeni huko Marekani, salbutamoli ya pumu huitwa albuteroli, na glibenklamidi ya kisukari huitwa gliburaidi. Dawa ni ileile.

Watu hupenda kuandika kundi la damu kwa wino mwekundu. Andika ukitaka, lakini hakuna hospitali yenye akili timamu itakayomwongezea mtu damu kwa kuamini karatasi aliyokuja nayo mfukoni. Watapima upya. Kama kuna nafasi kwenye bahasha, heri uweke nakala ya kipimo cha umeme wa moyo alichopimwa akiwa mzima. Wazee wengi wenye presha kipimo hicho huonyesha mabadiliko ya zamani yasiyo na hatari ya leo, na daktari asiyemjua akiyaona kwa mara ya kwanza usiku wa manane atadhani moyo umeanza kushambuliwa sasa hivi. Akiwa na ule wa zamani wa kulinganisha, huenda mama akaepuka kulazwa bure.

Jambo moja linatuhusu sana sisi wenye Kiswahili. Ukiandika kwamba mama huchoma insulini "saa moja asubuhi na saa moja jioni", halafu mtu akaitafsiri neno kwa neno, muuguzi ataelewa saa saba mchana na saa saba usiku. Sitanii, nimewahi kuiona fomu ya namna hiyo. Andika 07:00 na 19:00, au andika "kabla ya kifungua kinywa" na "kabla ya chakula cha jioni", ambayo kwa insulini ni bora zaidi, kwa kuwa saa zenyewe zitahama mkivuka nchi za mbali.

Na tukiwa hapo kwenye insulini: angalia kichupa chake. Kwa kawaida kitakuwa na maandishi U-100, maana yake uniti 100 kwa kila mililita. Kuna nchi, India ikiwemo, ambako bado zinauzwa za U-40, yaani uniti 40 kwa kila mililita, pamoja na mabomba yake ya sindano. Mama akivunjikiwa na bomba lake akanunua la U-40, kisha akavutia insulini ya U-100 hadi kwenye alama ya 10, atakuwa amejichoma uniti 25. Sukari yake itashuka hadi apoteze fahamu, na hakuna atakayejua kwa nini. Bebeni mabomba ya kutosha, na ziada. Insulini yote isafiri kwenye begi la mkononi. Kwenye mizigo inaweza kuganda kwa baridi, na insulini iliyoganda hata ikiyeyuka imeshaharibika.

Kuna mazungumzo ambayo lazima yafanyike na daktari wake kabla ya safari, na wengi huyasahau: mama akiharisha au kutapika, dawa zipi zisimame? Vidonge kadhaa vya presha, vile vya kukojoza hasa na vile vinavyoishia na "-prili" au "-satani", pamoja na metfomini ya kisukari, ni dawa nzuri mwili ukiwa na maji. Mwili ukikauka zinaweza kuziumiza figo, na metfomini ina hatari yake yenyewe figo zikizembea. Mara nyingi husimamishwa siku moja mbili mpaka mtu aanze kula na kunywa kama kawaida. Insulini ni habari nyingine. Usiikate kwa sababu tu hataki kula, maana ugonjwa wenyewe hupandisha sukari. Dozi inaweza kubadilika, vipimo vya kidole viongezeke, na mpango huo uandikwe na daktari wake nyuma ya ule ukurasa. Ukiwa nao, nusu ya maamuzi magumu yameshafanyika kabla hamjapanda ndege.

Sasa tuseme mama ameugua kweli. La kwanza ni kujua kama hapo ni pa kliniki au si pa kliniki. Maumivu au kubanwa kifua, mdomo kwenda upande, mkono mmoja kulegea ghafla, kushindwa kupumua, kuchanganyikiwa, kutapika damu: hayo hayapiti kliniki ya karibu na hoteli, yanakwenda moja kwa moja hospitali kubwa yenye idara ya dharura. Namba ya gari la wagonjwa uijue siku ya kufika. Ni 112 katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, 911 Marekani na Kanada, 999 Uingereza, 119 Japani. Kwengineko uliza mapokezi kabla hujafungua begi.

Kwa yasiyo ya dharura, nani akuelekeze? Mhudumu wa hoteli ni mtu mwema, ila humjui anamjua nani, na zipo hoteli zinazopata chochote kwa kila mgeni zinayempeleka. Piga kwanza ile namba ya saa 24 iliyo kwenye kadi ya bima. Wao wana orodha ya mahali wanapolipa moja kwa moja, na mara nyingi wana mkalimani wa simu. Ubalozi nao huwa na orodha ya madaktari, ingawa hauthibitishi ubora wao. Hospitali ya kufundishia ya chuo kikuu kwa kawaida ni salama kuianza, japo utakaa kwenye benchi muda mrefu. Na usilidharau duka la dawa: katika nchi nyingi mfamasia ni mtu aliyesoma miaka kadhaa, na kwa mafua, mkwaruzo au kiungulia atakuondolea kabisa haja ya kliniki.

Ukiwa na kuharisha kwa kawaida, bila damu na bila homa kali, mtu mzima mwenye afya hahitaji kwenda popote siku ya kwanza. Anahitaji maji yenye chumvi na sukari. Paketi za kutengenezea hugharimu kidogo na hazina uzito, ziwe kwenye begi. Zikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikwanguliwe juu viwe sawa. Chumvi ikizidi ni hatari, onja: isizidi ladha ya machozi. Mama yako lakini simweki kwenye kundi hilo. Kwa umri wake na dawa zake, akishindwa kubakiza maji tumboni kwa saa chache, mkojo ukipungua, akianza kusinzia ovyo, au sukari ikigoma kushuka, mpeleke. Damu kwenye choo au homa ya kufikia nyuzi 39, mpeleke hata kama anasema yuko salama. Akina mama wa umri huo hujua sana kusema wako salama.

Mlangoni pa kliniki tazama mambo madogo. Je, kuna maji na sabuni anakotibia daktari? Kuna boksi gumu la kutupia sindano, au zinatupwa kwenye ndoo? Muuguzi akimaliza mgonjwa mmoja ananawa? Jengo la kioo na kiyoyozi halinipi imani kama ninavyopewa na boksi lile la sindano.

Halafu linakuja suala la lugha, ambalo ndilo lililokufunga mwaka jana. Nikupe kisa changu. Niliwahi kushikwa na homa ugenini, daktari mzima, nikaingia kliniki moja ndogo na simu yenye programu ya kutafsiri. Nikaiambia simu: "Nasikia baridi, na nasikia maumivu ya kichwa." Muuguzi akasoma, akanitazama kwa huruma, akaondoka. Alirudi na kile kidude cha kumulikia masikio. Akaniinamisha kichwa akachungulia sikio la kulia, akageuza la kushoto. Simu ilikuwa imemwambia kwamba ninaisikia baridi kwa masikio. Sisi tunasikia njaa, tunasikia kizunguzungu, tunasikia hata harufu. Zipo lugha ambazo husikia sauti tu.

Maneno yetu ya ugonjwa yana mitego ya namna hiyo mingi. "Homa" kwetu inaweza kuwa joto la mwili, inaweza kuwa malaria, na kwa wengine ni mafua. "Tumbo" linabeba kila kitu kuanzia kiungulia hadi hedhi. "Mguu" ni kuanzia nyongani hadi kwenye kidole, na "mkono" vilevile, wakati lugha nyingi zina neno lake kwa kiganja na lingine kwa mkono mzima. "Presha imepanda" anaweza kuisema mtu aliyekasirika tu. "Moyo unaniuma" ni huzuni au ni kifua? Kwa hiyo usitafsiri jina la ugonjwa, eleza kinachotokea, kwa sentensi fupi zisizo na picha: ameharisha mara nane tangu jana, maji matupu, hakuna damu, joto lilikuwa 38.6 usiku, maumivu yako hapa, na uoneshe kwa kidole kimoja. Namba ziandike, usizitamke. Baada ya daktari kueleza, mrudishie kwa maneno yako kile ulichoelewa, uone kama atakubali. Programu za kutafsiri huboronga hasa kwenye majina ya dawa na kwenye maneno ya kukanusha. "Asinywe" ikigeuka "anywe", umekwisha. Penye jambo kubwa, kama kukubali operesheni, dai mkalimani mtu, hata wa kwenye simu, na usitie sahihi karatasi ambayo hakuna aliyekusomea. Kama wewe ndiwe mkalimani wa mama, tahadhari na jambo moja: kuna maswali ambayo mzazi hatamjibu daktari mbele ya mwanawe. Mpe nafasi.

Namba nazo zina lugha zao. Ukizoea kuona sukari ya mama ikisomeka 9, halafu kipimo cha kule kionyeshe 162, usizimie. Ni ileile. Kuna nchi zinapima kwa milimoli na nyingine kwa miligramu, na daraja kati yao ni kuzidisha kwa 18. Homa ya nyuzi 38 za Selsiasi ni 100.4 za Farenhaiti. Daktari wa Ufaransa anaweza kukwambia presha ya mama ni 14 kwa 9, nawe ukadhani mashine imekufa, kumbe ni 140 kwa 90. Penye mkato ambapo wewe ungeweka nukta, 0,5 ni nusu, si tano. Ndiyo maana nasisitiza kila namba iandikwe na kipimo chake mbele yake.

Sasa sindano. Katika sehemu nyingi za dunia mgonjwa haamini kuwa ametibiwa mpaka achomwe, na daktari naye amezoea kumridhisha. Zipo hali ambazo sindano au dripu ndiyo dawa: anayetapika kila kitu, aliyekauka maji, maambukizi mazito. Nje ya hapo, kidonge kinatosha. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba sindano zilizotumiwa zaidi ya mara moja ziliwaambukiza watu milioni 21 homa ya ini ya aina B kwa mwaka huo mmoja. Mambo yamekuwa bora sana tangu hapo, lakini mazoea hayafi kwa siku moja. Uliza tu, bila ugomvi: hii ni dawa gani, ni ya nini, na kuna ya kumeza? Kama lazima achomwe, bomba lifunguliwe kwenye pakiti yake mbele ya macho yako, na kichupa ukipige picha kabla hakijatupwa. Hakuna muuguzi mzuri atakayechukia. Wewe mwaka jana picha moja tu ya kichupa ingekutosha, na leo usingeniandikia.

Mbili za kuzijua kwa majina. Metamizoli hutumika sana kushusha homa na maumivu katika nchi kama Brazili, Meksiko na Hispania, ilhali Marekani iliiondoa sokoni tangu miaka ya 1970, kwa sababu mara chache sana inaweza kuporomosha chembe nyeupe za damu. Mtu aliyechomwa hiyo akipata homa mpya na vidonda vya koo siku au wiki kadhaa baadaye, apimwe damu haraka, na daktari aambiwe. Ya pili ni diklofenaki, sindano maarufu ya maumivu. Kwa kijana mzima haina neno kubwa. Kwa mama yako, mwenye presha, kisukari, na pengine vidonge vya kukojoza na tumbo linaloendesha, ni njia ya mkato ya kuharibu figo. Iandike kwenye ukurasa wake, kwenye mstari wa dawa za kuepuka, ikiwa daktari wake atakubaliana nami. Nadhani atakubaliana.

Dirishani pa dawa ndipo pa kusimama imara. Usiondoke na kibahasha kisicho na jina. Mpe mtoa dawa kalamu, umwonyeshe kwa ishara aandike juu ya kila kimoja jina la dawa, miligramu, mara ngapi na siku ngapi. Akikata vidonge kutoka kwenye kopo au karatasi kubwa, omba uipige picha ile karatasi, ubavu wenye jina na tarehe ya kuisha. Sisi tumezoea "moja kutwa mara tatu". Wenzetu wengi huandika 1-0-1, maana yake kimoja asubuhi, mchana hakuna, kimoja jioni. Ukiona 1-1-1 ndiyo mara tatu yako. Ukisoma hizo kama tarehe au hesabu utajilisha dawa visivyo. Antibiotiki uiulize mara mbili kama inahitajika. Wasafiri wanaozimeza kwa kuharisha kidogo hurudi nyumbani na bakteria sugu matumboni mara nyingi zaidi kuliko wasiomeza.

Kabla ya kutoka nje ya geti hakikisha una vitu hivi: karatasi inayosema walidhani ni ugonjwa gani, majibu ya vipimo yenye namba (neno "kawaida" peke yake halinisaidii), orodha ya dawa alizopewa pale na za kwenda nazo, na risiti inayotaja kitu kimoja kimoja, yenye jina la mama, tarehe na muhuri. Lugha yoyote. Mimi nikiletewa karatasi ya Kithai au ya Kirusi nitatafuta wa kuisoma. Ambayo haipo siwezi kuisoma. Zipige picha zote mkiwa bado kwenye benchi.

Hiyo risiti ndiyo itakayokurudishia fedha. Bima nyingi za safari hazilipi karatasi iliyoandikwa "matibabu" na jumla chini yake. Nyingi pia zinataka zipigiwe simu kabla mgonjwa hajalazwa, ili zitume barua ya dhamana kwa hospitali. Usipopiga, utaombwa amana mapokezi, na kuidai baadaye ni kazi. Kwa viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, utalazimika kuwa na bima ya angalau euro 30,000 hata hivyo, ila usiishie kutazama kiasi. Soma sehemu ya magonjwa aliyokuwa nayo mtu kabla ya safari. Presha na kisukari cha mama visipotajwa siku ya kununua bima, kampuni ina haki ya kukataa kulipa hata kiharusi. Soma pia kama inagharamia kumsafirisha mgonjwa kwa ndege, maana hiyo ndiyo gharama inayofilisi familia. Pasipoti wakitaka kuishika kama rehani, toa nakala. Na dharura ikitokea Marekani, usiogope mlango wa hospitali kwa ajili ya fedha: sheria ya 1986 inazilazimisha idara za dharura za karibu hospitali zote kumpima na kumtuliza mgonjwa kwanza. Bili itamfuata baadaye, lakini atakuwa hai wa kuipokea.

Tumbo linaweza kusubiri, mafua yanaweza kusubiri, ila kung'atwa au kukwaruzwa na mbwa, nyani au popo hakusubiri kurudi nyumbani. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili kwa kutazama saa, kisha mtafute chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo la kudharaulika. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Chanjo huanza siku ya kwanza, inayoitwa siku 0, halafu 3, 7 na kuendelea kadiri ya utaratibu wa nchi, kwa hiyo andika tarehe na jina la chanjo ili kliniki inayofuata iendeleze palepale.

Dawa za mama zikae kwenye maboksi yake na cheti cha daktari. Usizihamishie kwenye kile kisanduku cha siku za wiki mpaka mvuke uhamiaji. Kama kuna chochote chenye kodeini au tramadoli, angalia sheria za mnakokwenda mapema. Falme za Kiarabu hutaka kibali kabla, na Japani ina dawa za mafua na za wenye shida ya kutulia na kuzingatia ambazo penginepo ni za kawaida, kwao ni marufuku.

Mkirudi, nenda kwa daktari wako na bahasha nzima hata kama mama amepona. Na yeyote kati yenu akipata homa ndani ya miezi mitatu, au hata baada ya hapo, sentensi ya kwanza kumwambia daktari iwe ni mlikuwa wapi na mlirudi lini. Malaria haijitokezi siku ya pili baada ya kuumwa na mbu, kwa kawaida huchukua siku saba au zaidi, na huwauwa wasafiri hasa pale daktari asipodokezwa kwamba walisafiri.

Na vile vibahasha vinne, kama bado viko kwenye droo, visimwingie mtu mdomoni. Rangi na umbo la kidonge havitoshi kumwambia mtu ni nini. Vipeleke kwa mfamasia aviteketeze, na ukiwa hapo mwombe akuuzie mabomba ya insulini ya U-100 ya wiki mbili zaidi ya mnazohitaji.